Joginder Singh: mtoto wa Kericho aliyeitwa Simba wa Kenya

Kriketi ya Kenya ilianzia kwetu Mombasa. Mwaka 1896, reli ikianza kutambaa kutoka Kilindini kuelekea bara, Waingereza walikuwa tayari wana klabu yao ya michezo hapa kisiwani, na mechi ya kwanza inayotajwa katika historia ya mchezo huo nchini ilichezwa mwaka huo huo. Kutoka hapo mchezo ukapanda na reli hadi Nairobi na kwengineko. Lakini ulipanda na ukuta wake. Kuanzia 1910 pambano kubwa la mwaka lilikuwa baina ya maafisa wa serikali na walowezi, yaani Wazungu kwa Wazungu. Wahindi walikuwa na klabu zao, viwanja vyao na vikombe vyao, kila jamaa na madhehebu yake, na ilipofika 1933 ndipo pambano la kila mwaka la Wazungu dhidi ya Waasia likaanza. Hata hapo walikutana kama wapinzani, si kama timu moja. Mwafrika alikuwa nje ya uzio akiokota mpira.

Nimeanza na kriketi kwa sababu bila kuujua ukuta huo huwezi kuelewa kwa nini watu walijipanga barabarani Pasaka ya mwaka 1965 kumshangilia dereva mwenye kilemba. Mashindano ya magari hayakuwa na kiwanja cha Wazungu na kiwanja cha Wahindi. Yalikuwa na barabara moja, mbovu kwa wote. Na aliyeifanya barabara hiyo kuwa yake alikuwa fundi wa gereji, mzaliwa wa nchi ya chai.

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Sardar Battan Singh, alitoka Punjab mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati ule ule ambapo makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na wenzao wa James Finlay, yalikuwa yanajipanga kuyageuza matuta ya Kericho kuwa zulia la kijani tunaloliona leo. Joginder alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba yenye watoto wengi.

Aliyepita Kericho na Bomet anaijua nchi ile. Baridi ya asubuhi, mvua karibu kila alasiri, na mvua ya mawe inayonyesha mara nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Udongo ni mwekundu, mzuri kwa chai na mbaya kwa matairi. Siku hizo Bomet haikuwa wilaya, yote ilihesabiwa Kericho mpaka 1992. Ardhi ilikuwa ya Wakipsigis, na sehemu kubwa ya hiyo nzuri walinyang'anywa. Ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wao wa kiroho, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi mwaka 1934. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba nchi ya chai ilikuwa bustani ya amani. Kila kilima kilikuwa na mwenyewe aliyeondolewa.

Mhindi naye alikuwa na nafasi yake maalumu katika mpango huo. Shamba katika nyanda za juu hakuruhusiwa kumiliki. Yalibaki mambo mawili: duka, au kazi ya mikono. Masikh, ambao sisi tumezoea kuwaita Makalasinga, wengi wao walichukua kazi ya mikono. Walikuwa maseremala, wahunzi, waashi na makanika. Kericho palikuwa na karakana iliyotengeneza magari ya kukokotwa, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo, Baba Puran Singh, baadaye akawa kiongozi wa dini anayeheshimiwa hadi Uingereza. Hekalu kubwa la Masikh lililopo Kericho leo linahusishwa na jina lake. Chai iliwahitaji watu hawa sana. Jani likishachumwa halingoji. Lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, na chai iliyokauka ishuke kwa lori hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion, ili ipande treni ije Kilindini. Lori likikwama, hasara. Aliyejua kulikwamua lori alikuwa mtu wa maana.

Katika hali hiyo ndipo Joginder alipojifunza gari. Alipelekwa Nairobi kusoma skuli ya bweni, lakini elimu iliyomjenga ilikuwa ya spana, katika gereji ya baba yake. Alianza kama wanavyoanza mafundi wetu wa Majengo na Changamwe: kushika taa, kuleta spana, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kutazama mkubwa anafanya nini. Nataka msomaji alishike hili, kwa sababu wengi wanaomsifu humsifu kwa mwendo. Mwendo walikuwa nao wengi. Joginder alikuwa na sikio. Madereva kadhaa hodari wa enzi yake walilisukuma gari mpaka likafa chini yao, yeye alilisikiliza na kujua kabla halijalalamika.

Mwaka 1958 aliajiriwa na Chama cha Magari cha Kifalme cha Afrika Mashariki, kile ambacho baadaye kikawa chama cha magari cha Kenya. Alikuwa mtu wao wa kwanza wa doria. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani kuwasaidia wanachama walioharibikiwa na magari. Mpira umepasuka, injini imechemka, maji ya mto yameingia ndani: aitwe Joginder. Ni kazi ambayo mtu angeiona ndogo, lakini ilimlipa mshahara wa kuzijua barabara za nchi nzima, mto kwa mto, kona kwa kona, kiangazi na masika.

Mashindano yenyewe yalikuwa bado machanga. Yalianza 1953 kwa jina la Safari ya Kutawazwa, kusherehekea Malkia Elizabeth kuvishwa taji. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, na wazo lilikuwa kwamba mtu anunue gari la kawaida, aliendeshe katika barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, na aone kama litarudi. Mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Njia ilifika karibu kilomita 5,000 kwa siku nne hivi, mchana na usiku. Hakukuwa na barabara zilizofungwa. Gari la mashindano lilikutana na basi, ng'ombe, harusi na msiba. Kila kituo kilikuwa na muda wake, na kila dakika uliyochelewa ilihesabiwa dhidi yako. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Kuna miaka njia ilishuka mpaka Mombasa, na wazee wetu wanakumbuka kukesha barabarani kungoja taa zitokeze kutoka Mariakani.

Joginder aliingia mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuwa Muasia wa kwanza kushika jambo katika Safari. D. P. Marwaha alikuwa tayari ameshinda 1954 na 1955 akiwa msoma ramani wa Vic Preston. Lakini tazama alipoketi. Usukani ulikuwa wa Mzungu, ramani ya Muasia. Hata ndani ya gari moja ule ukuta wa kriketi ulikuwa umeingia, ukakaa katikati ya viti viwili.

Sasa tuje 1965.

Mwaka uliotangulia kampuni ya Volvo ya Uswidi ilileta timu yake hapa na haikupata ilichokuja kukitafuta. Moja ya magari yale, Volvo PV544, gari lenye umbo la mviringo la mtindo wa zamani hata kwa wakati ule, lilibaki Afrika Mashariki. Joginder na mdogo wake Jaswant wakalichukua. Lilikuwa gari la mkono wa pili, lililokwisha kupigwa na barabara hizi hizi. Wakalifungua, wakalirekebisha, wakalifunga upya kwa mikono yao. Jaswant ndiye aliyekaa kiti cha ramani. Kwa mara hii viti vyote viwili vilikuwa vya nyumba moja, watoto wa Battan Singh wa Kericho.

Kura ya kuondoka ikawapa nambari moja. Kuna wanaodhani hiyo ni bahati tupu. Ni kweli kwamba wa kwanza hali vumbi la mtu. Lakini wa kwanza pia ndiye anayegundua kwamba daraja limekwenda na maji. Ndiye anayefungua matope, na walio nyuma wanafuata alama zake. Hakuna gari mbele la kukuonyesha wapi pa kupita na wapi palipomwangusha mwenzako. Nambari moja inamfaa mtu anayeijua njia, na wao waliijua. Waliondoka wa kwanza Nairobi, na waliporudi walikuwa wamewaacha waliowafuata katika orodha kwa zaidi ya saa nzima. Katika mashindano yanayohesabu dakika, saa nzima ni aibu kwa wengine.

Kabla ya hapo hakuna dereva asiye Mzungu aliyewahi kushinda Safari. Timu za viwanda vya Ulaya zilikuja na mafundi wao, vipuri vyao na fedha zao. Waliowashinda ni ndugu wawili na gari kuukuu.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu tarehe hiyo ina uzito ambao simulizi nyingi za michezo huuruka. Hesabu ya watu ya 1962 ilikuta Waasia karibu 177,000 Kenya. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, katiba iliwapa miaka miwili wale ambao hawakuwa raia moja kwa moja waamue: wajiandikishe kuwa Wakenya, au wabaki na hati za Waingereza. Muda ulikuwa unakwisha Desemba 1965. Kwa hiyo Pasaka ile, Joginder alipokuwa akiinua kikombe, katika kila nyumba ya Kihindi, kutoka Kericho mpaka Makadara hapa Mombasa, kulikuwa na mazungumzo ya usiku juu ya fomu. Tujiandikishe? Tukijiandikisha tutakubaliwa? Tusipojiandikisha, watoto watakula wapi?

Sisi wa Pwani tunaielewa hofu hiyo kuliko wengi. Ukanda wa maili kumi ulikuwa umetoka tu mikononi mwa Sultani kwa mapatano ya Oktoba 1963, na wapo wazee wetu waliozaliwa Mji wa Kale, na babu zao wamezikwa hapo hapo, ambao nao walitakiwa waeleze wao ni watu wa wapi. Kwa miaka mingi baadaye kijana wetu akienda kuomba kitambulisho aliulizwa maswali ambayo mwenzake wa bara hakuulizwa.

Katikati ya shaka hiyo umati ulimshangilia mtu mwenye kilemba na ndevu. Wazungu walimwita Flying Sikh, Kalasinga anayeruka. Waafrika wakampa jina bora zaidi: Simba wa Kenya. Sitaki kulitia jina hilo chumvi. Shangwe za barabarani si hati ya uraia, na yaliyofuata yalionyesha hivyo. Mwaka 1967 zikapitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasiokuwa raia. Mwanzoni mwa 1968 maelfu walikimbilia London kabla mlango haujafungwa, na Machi mwaka huo Uingereza ikaufunga kwa sheria ya haraka. Familia zilizokaa hapa miaka arubaini zikabeba masanduku. Miaka minne baadaye Amin akawafukuza wa Uganda. Lakini jina lile lilitolewa na watu wenyewe, bila tangazo la serikali, na halikurudishwa.

Joginder aliendelea kuendesha. Alibadilisha magari, akaijaribu bahati na Datsun, akamaliza wa pili 1970 nyuma ya Edgar Herrmann. Miaka hiyo ndiyo iliyoipa Safari sifa yake duniani. Mwaka 1963 magari saba tu yalifika mwisho, na 1968 tena saba. Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka wakaondoka mikono mitupu, hadi Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda 1972. Wengi wakadhani sasa zamu ya wenyeji imekwisha. Mwaka uliofuata Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia, na Shekhar Mehta, aliyetoka Uganda, akaitwaa.

Kisha 1974. Joginder alikuwa na miaka 42, umri ambao dereva huanza kuitwa mzee. Gari lake lilikuwa Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600, kampuni ambayo wakati huo haikuwa na jina lolote kubwa katika mashindano ya dunia. Msoma ramani alikuwa David Doig. Dhidi yao walikuwapo Porsche ya Björn Waldegård wa Uswidi na Datsun za kiwanda. Mvua ilinyesha vibaya mwaka ule. Barabara zikawa ugali. Porsche ilikuwa na nguvu zaidi ya kutosha kumwacha Joginder penye ukavu, lakini penye matope nguvu ni njia ya haraka ya kujizika. Mtoto wa Kericho alikuwa ameyaona matope tangu utotoni. Alishinda, Waldegård akawa wa pili, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia.

Mwaka 1975 kikombe kilikwenda kwa Ove Andersson na Peugeot. Mwaka huo huo, Juni, timu ya kriketi ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kucheza Kombe la Dunia la kwanza, chini ya nahodha Harilal Shah. Ilikuwa karibu yote ya Waasia, na Waafrika wa kuhesabu kwa kidole, miongoni mwao John Nagenda wa Uganda. Wakapoteza mechi zote tatu. Hapana haja ya kuwacheka. Walikuwa watu wenye kazi zao wanaocheza siku za mapumziko. Lakini mtu akiuliza kwa nini mchezo ulioanza Mombasa 1896 ulifika 1975 bila kuota mizizi kwa wananchi, jibu moja limo katika zile klabu za kila jamaa na uzio wake. Ilibidi tungoje 1996 ndipo Maurice Odumbe na wenzake waiangushe West Indies kule Pune, na 2003 tufike nusu fainali. Safari ilipita mlangoni kwa kila mtu bila tikiti, na mtoto yeyote wa Litein, Sotik au Voi aliyesimama juu ya tuta alikuwa amekaa jukwaa kuu.

Mwaka 1976 Joginder na Doig walirudi na Lancer ile ile ya aina ya 1974, wakashinda tena. Safari hii Mitsubishi ilizoa nafasi zote tatu za mwanzo: Joginder, Robin Ulyate wa hapa hapa Kenya, na Andrew Cowan wa Scotland. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Mehta alikuja kuipita hesabu hiyo kwa kushinda mara tano, na kwa vikombe yeye ndiye mkubwa. Kwa maoni yangu, hata hivyo, takwimu inayomweleza Joginder si ya vikombe. Kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Katika mashindano ambayo kuna mwaka karibu magari yote yalibaki porini, mtu mmoja alirejesha gari nyumbani mara 19. Hiyo ndiyo gereji ya baba yake inayozungumza. Ni lori la chai ambalo lazima lifike stesheni.

Alipoacha mashindano, jina lilibaki mitaani kwa namna yake. Dereva wa matatu akizidisha mwendo, abiria walimwita Joginder, na haikuwa sifa. Naona walimkosea hapo. Yeye hakupata umaarufu kwa kupita mahali pasipopitika huku amebeba roho za watu kumi na wanne.

Miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza, kama wengi wa kizazi chake waliozaliwa Kisumu, Kericho na Mombasa na sasa wana makaburi na majivu kila mahali. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Magazeti ya Kenya yalimwandika kama Mkenya, bila kiambishi. Hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini.

Safari yenyewe ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021. Ile ya siku nne na nchi tatu haikurudi. Sasa magari yanashindana katika vipande vilivyofungwa kandokando ya Naivasha, na kuyaona lazima upande gari uende huko. Hayapiti tena sokoni Kericho, wala hayashuki usiku kutoka Mariakani.